Mhasibu Anapojitolea Mtaani



Nimeombwa nizungumzie namna sisi wahasibu, wahandisi na wanasheria tunavyoweza kujitolea kitaaluma kwa vyama vya wakazi. Nitaanza na kosa langu.

Chama cha mtaa wetu, hapa Dar es Salaam, hukusanya michango ya ulinzi shirikishi na ya kuzibua mitaro. Nilipoombwa nisaidie hesabu nilitengeneza jedwali la kompyuta linalojijumlisha lenyewe, wadaiwa wakitokea kwa rangi nyekundu. Kikaoni nikapigiwa makofi. Miezi minne baadaye nikamkuta mama mweka hazina barazani kwake na kauntabuku lake la zamani mapajani.

"Mwanangu, ile ya kompyuta ni yako," akaniambia bila kinyongo. "Mjumbe akija saa mbili usiku kuuliza nani hajalipa, nifungue nini?"

Nikaketi naye, tukapiga mistari upya. Tarehe, jina, nyumba na kiasi alikuwa navyo tayari. Mimi niliongeza safu moja tu, sahihi ya mlipaji. Safu hiyo ikamaliza ugomvi wa kila mwisho wa mwezi wa "mimi nililipa". Kazi yenyewe ilichukua saa moja, na hakuna aliyepiga makofi.

Mfano mkubwa zaidi uko Orangi, Karachi, nchini Pakistani. Akhtar Hameed Khan alianzisha mradi huko mwaka 1980, wakati majitaka yakitiririka vichochoroni. Wasanifu majengo kama Arif Hasan na Perween Rahman hawakwenda kuwajengea watu. Mradi ulipima vichochoro, ukarahisisha michoro ya chemba, ukatoa makadirio na kuazimisha vifaa. Nyumba za kila kichochoro, ishirini au thelathini hivi, zikachagua msimamizi wao, zikachanga fedha na kusimamia uchimbaji. Gharama ikashuka sana, kwa kuwa mkandarasi hakuwemo na mchoro haukuwa na mbwembwe. Bomba kuu, hata hivyo, liliachiwa serikali. Mpaka huo tuushike: tusijitolee kiasi cha kuisamehe halmashauri wajibu wake.

Hapa kwetu, mradi wa kuchora ramani wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwaingiza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi katika kata zinazofurika. Walikuwa na ujuzi wa kuchora ramani, lakini maji hupitia uchochoro upi na hufika wapi ukutani, wenyeji ndio waliojua.

Kuhusu wanasheria nitasema kidogo. Nimewahi kusoma katiba ya chama cha wakazi yenye kifungu cha usajili wa wachezaji. Ilinakiliwa kutoka katiba ya klabu ya mpira, na hakuna aliyeisoma kabla ya kuipeleka kwa msajili. Mwanasheria mmoja na jioni mbili vingetosha.

Ndugu zangu, mtaa hauhitaji zawadi ya siku moja. Unahitaji mtu atakayeulizwa tena mwezi ujao, na mwingine. Pale mlangoni pana daftari. Andika jina, taaluma, na jioni moja ya juma utakayoitoa kwa mwaka mzima. Kama huna uhakika wa mwaka, tafadhali usiandike kwanza.