Maharage na Hesabu ya Kuni

(Muziki unashuka.)

Msikilizaji wetu wa hapa Nyarugusu, nawe jirani wa vijiji vya karibu, leo tuko jikoni na maharage makavu. Mama, najua umeyapika tangu utotoni. Tuhesabu kuni tu, maana kila fungu linalobaki uani ni safari moja ya porini ambayo wewe au binti yako hamwendi.

Chagua, toa mawe na yaliyotobolewa, kisha yatenge. Sisi wa Kivu na ndugu zetu wa Burundi tumezoea kupanda mchanganyiko: ya njano, mekundu, yenye madoa, yote shamba moja. Shambani ni akili, kwani ugonjwa ukishika aina moja, nyingine inabaki. Kwenye sufuria ni kupoteza moto. Ya njano huwahi kuiva, mengine bado magumu. Hata ya msimu huu usiyachanganye na yaliyokaa sana kwenye joto. Hayo ya zamani mengine hayalainiki hata uyapikie mti mzima.

Loweka usiku kucha. Asubuhi maji hayo mwagia mchicha, weka mengine.

Hapa nisikilize vizuri. Maharage, hasa mekundu, yana sumu yake ya asili. Punje nne au tano mbichi zinatosha kumtapisha na kumharisha mtu baada ya saa chache. Yaliyopashwa moto bila kuchemka yanaweza kudhuru kuliko hata mabichi. Kwa hiyo yachemshe kweli, yarukeruke, nusu saa nzima. Hapo usibane kuni, hata kama watoto wanalia njaa.

Baada ya hapo bana unavyotaka. Funika sufuria ikiwa bado inatokota, iweke ndani ya kapu lenye majani makavu, juu tandika blanketi, acha saa tatu au nne. Na baba, usichungulie; ukifunua, joto limekwenda. Ukilitoa kapuni rudisha motoni lichemke tena, uonje. Bado gumu? Ongeza moto kidogo.

Nyanya na ndimu tia yakishalainika, kwa sababu huchelewesha kuiva. Magadi chembe tu, la sivyo utakula ladha ya sabuni. Mwenye mawese atie mawese. Mwenye kitunguu kimoja, hicho hicho.

(Muziki.)