Aliokolewa Motoni, Akafa kwa Aibu

Somo: Mwanzo 3:7-21



Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya filamu moja iliyotoka India. Labda mzee mmoja atauliza, filamu na Neno la Mungu vina uhusiano gani? Mtume Paulo alipofika Athene alitembea mjini, akavitazama vitu ambavyo watu wa pale waliviabudu, na mahubiri yake akayaanzia kwenye madhabahu yao wenyewe (Matendo 17:23). Hatusemi kwamba kila filamu yafaa kutazamwa. Twasema tu kwamba ndani ya hii mna jambo moja ambalo kanisa lapaswa kulifikiri.

Filamu hiyo huitwa Enthiran. Ilitoka mwaka wa 2010 kwa lugha ya Kitamili, ambayo ni lugha ya watu wa kusini mwa India, na wengine waliitazama kwa Kihindi kwa jina la Robot. Mwongozaji wake ni S. Shankar. Yasimulia habari za mtaalamu mmoja, Vaseegaran, ambaye kwa miaka kumi alijifungia kazini akitengeneza roboti, yaani mashine yenye umbo la mtu. Akaipa jina la Chitti. Ilikuwa na nguvu kupita watu mia, iliweza kusoma kitabu kizima kwa kukitupia jicho tu, nayo ilikusudiwa kwenda kutumika katika jeshi la India. Mwigizaji mmoja, Rajinikanth, ndiye aliyekuwa mtaalamu na ndiye aliyekuwa mashine, hata sura zao zikawa moja. Msomaji wa Mwanzo sura ya kwanza hawezi kukosa kutambua jambo hilo: mtu ameumba kitu kwa mfano wake. Lakini hakuweza kukipulizia pumzi ya uhai.

Basi, Chitti alikuwa mtii kabisa. Mkaguzi wake, mzee Bohra, alipomwamuru amchome kisu yule yule aliyemtengeneza, Chitti aliinua kisu. Hakuwa na chuki. Ameambiwa, naye anatenda. Bohra akasema mashine ya namna hii haifai kupewa silaha, na ingawa mtu huyo baadaye anaonekana kuwa mwovu, hapo alisema kweli.

Kisha yaja sehemu ambayo kwa ajili yake tumeichagua filamu hii. Jengo kubwa linalokaliwa na maskini lashika moto. Chitti atumwa kuwaokoa watu, naye apanda ndani ya ndimi za moto, awatoa watoto, awatoa wazee. Hachoki wala haogopi. Mwishowe amkuta msichana aliyekuwa akioga. Ambeba vile vile alivyo, hana nguo hata moja, amshusha chini mbele ya umati wa watu na wapiga picha wa televisheni. Kwa hesabu ya mashine kazi imekwisha, na imekwisha vizuri. Mtu alikuwa motoni, sasa yuko nje. Lakini yule msichana atazama huku na huku, aona macho yote yamemwelekea, akimbia barabarani kama kipofu, agongwa na gari, afa.

Moto haukumwua. Aliyemwokoa hakujua aibu ni nini, wala hakujua kwamba palihitajika shuka moja tu.

Wapendwa, mara nyingi twasoma sura ya tatu ya Mwanzo tukiharakia adhabu: nyoka, uchungu wa kuzaa, miiba na jasho. Twaupita mstari wa 21 kana kwamba ni neno la kujazia ukurasa. Mstari huo watuambia kwamba Bwana Mungu aliwafanyia Adamu na mkewe mavazi ya ngozi, akawavika. Tazama wakati alipofanya hivyo. Walikuwa wamekosa tayari. Hukumu ilikuwa imekwisha kutamkwa. Walikuwa karibu kutolewa bustanini. Na Mungu, ambaye angeweza kuwatoa vile walivyo, na majani yao ya mtini yaliyoanza kukauka, aliketi kwanza kama fundi cherehani akawashonea nguo. (Cherehani haimo katika Biblia, mtusamehe, lakini nguo zimo.)

Tena tunasoma katika Mwanzo 9 kwamba Nuhu alipolala uchi hemani mwake, Hamu aliona, akatoka nje akawapasha habari ndugu zake. Shemu na Yafethi walichukua nguo mabegani, wakaenda kinyumenyume, wakamfunika baba yao bila kumtazama. Twajua kwamba habari hii imepotoshwa na watu wengi ili kuwadharau Waafrika, na upotovu huo hatuna haja nao hapa. Twautazama mwendo wa wale ndugu wawili tu. Kwenda kinyumenyume si rahisi. Mtu huweza kujikwaa. Walikubali kujikwaa kuliko kumtazama.

Sasa na tuje makanisani kwetu, maana huko ndiko tunakoelekea. Kuna msichana wa kwaya ambaye amepata mimba. Wazee wa kanisa wakutana, nao kwa kweli wataka kumwokoa, hawana nia mbaya. Jumapili asimamishwa mbele, jina lake lasomwa, kosa lake latajwa, watoto wa shule ya Jumapili wakiwa wameketi mstari wa mbele. Katika daftari la wazee yaandikwa kwamba ametubu na amerudishwa. Lakini tangu siku ile msichana huyo hajaonekana ibadani, na mama yake hupita njia ya nyuma akienda sokoni. Na yule kijana aliyempa mimba? Huenda ndiye anayepiga gitaa.

Au kuna mjane aliyeletewa unga na mafuta ya kupikia. Ni jambo jema, na Mungu awabariki waliotoa. Lakini aambiwa asimame aushike mfuko kifuani ili apigwe picha, na kabla ya jua kutua picha imefika katika simu za ukoo mzima, hata kwa wakwe zake. Unga ule waliwa kwa siku kumi na nne. Picha yabaki. Kutoa msaada ni kutii amri ya Bwana, lakini Chitti naye alitii.

Wengine watasema, basi dawa ni moyo. Mashine ile ingalipewa moyo isingalitenda hivyo. Vaseegaran naye aliwaza hivyo hivyo. Baada ya msiba ule aliomba muda, akamfundisha Chitti hisia za wanadamu: hasira, huruma, furaha. Mwanzoni yalikuwa mema. Chitti alimsaidia mwanamke kujifungua salama katika uzazi uliokuwa mgumu, na Sana, mchumba wa Vaseegaran, akambusu shavuni kwa shukrani. Hapo Chitti akampenda, au tuseme akamtaka. Sana alimweleza kwamba wao ni marafiki tu, lakini hakukubali. Kwa ajili ya mapenzi hayo aliiharibu kazi yake mbele ya wakuu wa jeshi, na Vaseegaran kwa hasira akamkatakata vipande. Bohra akamfufua na kumtilia kifaa cha uovu, naye akamteka Sana siku ya arusi yake, akamwua Bohra, akajitengenezea wenziwe wengi wenye sura yake. Mapigano yanayofuata ni marefu mno kwa maoni yetu.

Anayeijua habari ya Amnoni na Tamari katika 2 Samweli 13 hatashangaa. Amnoni naye alikuwa na hisia. Alikonda kwa ajili ya hizo hisia. Kisha akamtenda jeuri dada yake, akamfukuza nje na kuamuru mlango ufungwe nyuma yake, naye Tamari akaenda zake akilia, vazi lake limeraruliwa. Mashine isiyo na moyo ilimtoa msichana nje bila nguo. Mtu mwenye moyo uliojaa tamaa alifanya vibaya kuliko mashine. Ndiyo maana Bwana, katika Ezekieli 36:26, haahidi kuuongezea moyo wa jiwe hisia kidogo. Aahidi kuuondoa na kutia mwingine mahali pake.

Mwisho wa filamu mahakama yaamuru Chitti avunjwe, na Vaseegaran amwambia ajivunje mwenyewe. Aomba radhi, kisha kwa mikono yake ajifungua kiungo baada ya kiungo. Miaka mingi baadaye, mwaka wa 2030 kwa hadithi ile, mtoto wa shule auliza katika jumba la makumbusho kwa nini alivunjwa, naye ajibu kwamba ni kwa sababu alianza kufikiri. Sisi hatukubaliani naye hapo. Kufikiri hakukuwa kosa lake. Kosa lilikuwa kumtaka Sana bila kumwuliza Sana anataka nini.

Wakati Mafarisayo walipomleta yule mwanamke aliyekamatwa, walimweka katikati, wote wamtazame. Yohana 8 yasema Yesu aliinama, akaandika kwa kidole chake katika nchi. Watu wameuliza kwa miaka mingi aliandika nini. Sisi twaona pia kwamba mtu aliyeinama akiandika chini hamkodolei macho mwanamke aliye mbele yake.

Tuombe. Ee Bwana, twakuombea dada yetu aliyeacha kuja ibadani. Wewe wamjua jina, nasi hatutalitaja. Mtumie mtu mmoja wiki hii, aende nyumbani kwake jioni, bila karatasi ya wazee na bila simu mkononi, aketi naye anywe chai. Na ukimtuma mmoja wetu, mpe miguu ya kwenda. Amina.