Bakshishi Haifuti Deni la Mshahara
(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei katika semina ya Kwaresima)





Siku moja baada ya Misa, mgeni kutoka Ulaya aliyekuwa akijiandaa kupanda Mlima Kilimanjaro alinijia na swali. Alitaka kujua mhudumu wa mgahawa mjini Moshi hupewa bakshishi kiasi gani, na wale watakaombebea mizigo mlimani wapewe kiasi gani. Nilianza kumtajia viwango nilivyovisikia. Karibu yetu alikuwa amesimama kijana wa parokia ambaye ameifanya kazi ya upagazi kwa miaka mingi. Akaniambia kwa upole: "Padre, mwambie aulize pia kama itatufikia."

Nilinyamaza. Maneno yale yamenifuata hadi leo, na ndiyo yaliyonifanya niiombe Tume ya Haki na Amani nafasi hii. Nitafuata njia tuliyoizoea: tuone, tupime, tutende.

1. TUONE HALI ILIVYO

Mlima wetu una urefu wa mita 5,895. Vitabu vinatueleza kwamba Mjerumani Hans Meyer na Mwaustria Ludwig Purtscheller walifika kileleni mwaka 1889. Hapa kwetu tunamkumbuka pia Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, aliyewaongoza wageni katika njia za mlima. Lakini nani anayakumbuka majina ya waliobeba mahema na chakula? Nasi Kanisa tusijitoe katika swali hilo. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofika Kilema mwaka 1890 hawakushuka kutoka mawinguni. Walikuja kwa msafara kutoka pwani, na vitu vyao vilipanda huku juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Imani yetu ilibebwa na watu tusiowajua.

Leo vijana wetu, na siku hizi wasichana pia, wanaendelea kubeba. Sababu tunazijua. Kihamba alichokuwa nacho babu kimegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hata kilichobaki hakitoshi migomba wala kahawa. Kahawa ile ile iliyowasomesha wengi wetu katika enzi ya nguvu ya KNCU, chama kikuu kilichoundwa mwaka 1933, haisomeshi tena kama zamani. Kijana akitazama juu anauona mlima, na chini anaiona stendi ya Moshi. Wengi huchagua mlima.

Kwa mgeni mmoja huenda wapagazi watatu au wanne, mbali na mpishi na mwongozaji. Kanuni za hifadhi zinaweka kilo 20 kuwa kikomo cha mzigo wa msafara kwa mpagazi mmoja, na mizani ipo getini. Lakini mzigo uliopimwa getini unaweza kuongezwa njiani, pale ambapo macho ya mizani hayafiki. Usiku, katika kambi kama Barafu iliyo juu ya mita 4,600, mgeni hulala katika mfuko mnene wa manyoya. Wako wapagazi wanaolala pale pale wakiwa na koti la mtumba na viatu vilivyopasuka, baada ya kula mlo mmoja tu kwa siku.

Sasa tuangalie malipo. Ni ya aina tatu, nasi tusiyachanganye. Kwanza ni mshahara, yaani ujira wa kila siku ya kazi, ambao mwajiri anadaiwa. Kwa miaka mingi kiwango kinachotajwa kwa mpagazi ni dola 10 za Kimarekani kwa siku au thamani yake kwa shilingi. Wako wanaolipa zaidi, na wako wasiofika hapo. Pili ni posho, neno lililotoka katika misafara ya kale, ambamo mpagazi alipewa posho ili apate chakula cha siku. Chakula hicho ni sharti la kazi. Mtu hawezi kubeba mzigo kwa njaa. Tatu ni bakshishi, ambayo vijana huiita tipu, yaani zawadi ya mgeni aliyeridhika.

Tufanye hesabu ya mfano. Wageni wanne wanapanda kwa siku saba, na msafara wao una watu 16: mwongozaji mkuu mmoja, wasaidizi wake wawili, mpishi mmoja na wapagazi 12. Wageni wameshauriwa watoe, kwa siku, dola 20 kwa mwongozaji mkuu, 15 kwa kila msaidizi, 15 kwa mpishi na 8 kwa kila mpagazi. Jumla ni dola 1,127. Katika hizo, fungu la wapagazi ni dola 672, yaani dola 56 kwa kila mmoja. Asubuhi ya mwisho watu wanaimba na kucheza, wageni wanatokwa na machozi ya furaha, na bahasha inakabidhiwa kwa mkono mmoja. Wageni wakishaondoka, kila mpagazi anapewa dola 30 na kuambiwa, "Wageni wa safari hii hawakutoa vizuri." Dola 312 zimepotea. Mgeni amerudi kwao akiamini kwamba ametenda ukarimu, na mpagazi amerudi nyumbani akiamini kwamba mgeni alikuwa bahili. Wizi huo umechukua fedha, na umechukua pia heshima kati ya watu wawili ambao hawataonana tena.

Hayo sikuyapata kwa kusikia tu. Nilipokuwa mseminari nilibeba mizigo wakati wa likizo ili nipate nauli na madaftari. Safari moja tulishuka getini tukaambiwa kwamba mshahara wetu "umo ndani ya bakshishi." Tulikuwa kumi, wala hakuna aliyeuliza neno. Kila mmoja aliogopa kwamba akiuliza, jina lake halitaitwa safari ijayo.

2. TUPIME KWA MWANGA WA IMANI

Maandiko Matakatifu hayana utata juu ya jambo hili. Torati, katika Walawi 19 na Kumbukumbu la Torati 24, inakataza kuushikilia ujira wa kibarua hata usiku mmoja, kwa sababu ni maskini na moyo wake umeutegemea. Mtume Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, anawaambia matajiri kwamba ujira waliowanyima wavunaji unapiga kelele, na kelele hizo zimemfikia Bwana.

Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu, katika waraka wake wa Rerum Novarum wa mwaka 1891, alijibu hoja ambayo bado tunaisikia hapa Moshi: "Lakini alikubali mwenyewe!" Alifundisha kwamba mtu anayekubali masharti magumu kwa sababu ya shida au kwa kuogopa mabaya zaidi, anaonewa. Ridhaa ya mwenye njaa haimtakasi mwajiri. Yohane Paulo wa Pili, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, aliongeza kwamba mshahara wa haki ni kipimo cha kutambua kama mfumo mzima wa uchumi ni wa haki. Kwa hiyo basi, tukitaka kujua kama utalii wa mlima wetu ni wa haki, tusihesabu hoteli zilizojengwa mjini. Tutazame mkono wa mpagazi anapotoka getini.

Lakini fundisho linalogusa kiini cha mada yetu lilitolewa na Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano mwaka 1965, katika Hati juu ya Utume wa Walei, namba 8. Mababa wa Mtaguso wanaagiza kwamba madai ya haki yatimizwe kwanza, ili kile kinachodaiwa kwa haki kisije kikatolewa kana kwamba ni zawadi ya mapendo. Ndugu zangu, mwajiri anayesema mshahara umo ndani ya bakshishi ametenda kinyume cha agizo hilo. Amechukua zawadi ya mgeni akalipia nayo deni lake mwenyewe.

Tuone pia mambo yanavyokuwa mahali ambapo bakshishi imeachwa ichukue nafasi ya mshahara. Nchini Marekani, sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri amlipe mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu mwaka 1991, mradi bakshishi zikijazia zifike kima cha chini cha kawaida. Majimbo mengi yameweka kiwango cha juu zaidi, lakini desturi imekwisha kuota mizizi: mteja huacha asilimia 15 hadi 20, na mhudumu huishi kwa kutegemea tabasamu la mteja. Mgeni wa kutoka huko huja kwetu na mazoea hayo, nasi tunaufurahia ukarimu wake. La hasha, tusiige mfumo huo! Siku ya mvua, wageni wasipokuja, mtoto wa mhudumu naye anakula.

Ni haki pia tuwasikilize waajiri. Wako wenye kampuni waaminifu, na baadhi yao wamo humu. Wanasema kwamba mgeni hutafuta bei ya chini, na asiyeshusha bei anakosa kazi. Ni kweli. Hata hivyo, ada za hifadhi hazipungui kwa mazungumzo. Ni zile zile kwa kampuni kubwa na ndogo. Bei inaposhushwa mno, kinachobaki kupunguzwa ni chakula, vifaa na ujira. Punguzo analopewa mgeni hulipwa na mtu ambaye hakuwapo wakati wa kupatana.

Hapo hatuna budi kujiuliza jambo zito. Tunapochangishana kwa ajili ya ujenzi wa kanisa, tunawapigia makofi wanaotoa mamilioni. Yoshua bin Sira, katika sura ya 34, anafundisha kwamba sadaka iliyotokana na mali ya maskini haimpendezi Mungu, na kwamba kumnyima kibarua ujira wake ni sawa na kumwaga damu. Nami kama padre najiuliza kwanza: je, nimewahi kupokea kwa shukrani bati lililonunuliwa kwa jasho la mpagazi asiyelipwa? Sina hakika kwamba sijapokea. Afadhali kanisa lichelewe kuezekwa kuliko kuezekwa kwa kilio.

3. TUTENDE

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ili mwenyeji apone kweli, napendekeza yafuatayo.

Kwanza, kwa wageni tunaowapokea. Mgeni aulize kabla ya kulipia safari kama kampuni inalipa mshahara kamili pasipo kuhesabu bakshishi, na kama ni mshirika wa KPAP, mradi wa kuwasaidia wapagazi ulioanza hapa Moshi mwaka 2003. Siku ya mwisho atangaze kiasi mbele ya wote, na ikiwezekana ampe kila mtu mkononi. Mgahawani mjini hakuna sheria inayomlazimisha. Asilimia 10 ni shukrani njema. Kwa mama lishe hakuna anayengojea bakshishi. Alipe bei bila kuivuta.

Pili, kwa wenye kampuni na waongozaji. Mshahara ulipwe ndani ya siku chache baada ya kushuka, kwa orodha yenye sahihi. Asiwepo wa kudai kitu kidogo ili kumpangia kijana safari. Mwongozaji anabeba dhamana kubwa na anastahili fungu kubwa zaidi. Fungu hilo lijulikane na wote.

Tatu, kwa wapagazi wenyewe. Andikeni tarehe, njia, jina la kampuni na kiasi mlichoahidiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kukata ujira pasipo msingi wa kisheria. Malalamiko ya mshahara hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, kwa hiyo msikae kimya hadi muda upite. Msiende mmoja mmoja. VIWAWA iliundwa kwa ajili ya vijana wafanyakazi kama ninyi.

Nne, kwetu sote. Ni rahisi kuwanyoshea kidole wenye kampuni. Lakini katika sherehe zetu za Desemba, wakati wenzetu wanaporudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na kwingineko, kamati ya harusi humlipa mshereheshaji fedha nyingi, na wale wasichana wanaogawa chakula hadi usiku wa manane huambiwa wachukue kilichobaki sufuriani. Msichana wa kazi nyumbani hupewa kitenge wakati wa Krismasi, huku mshahara wake wa miezi mitatu "ukitunzwa" na mama mwenye nyumba. Mlinzi wa parokia na katekista wetu, je, tumewalipa? Kitenge ni kizuri. Kipewe aliyekwisha kulipwa.

Yule mgeni alipanda, akashuka salama. Kijana yule hakuwa katika msafara wake, lakini alinieleza baadaye kwamba bahasha ilifunguliwa getini mbele ya wote, kiasi kikasomwa kwa sauti. Hakuna aliyepoteza kitu, ila mtu aliyezoea kuchukua kisicho chake.

Bwana atupe moyo wa kulipa kabla ya kutoa zawadi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika Jumuiya yetu kuna nani anayefanya kazi ya upagazi, uhudumu wa mgahawa au kazi za nyumbani? Je, tumewahi kumsikiliza?
2. Ni wapi katika familia zetu tunatoa zawadi mahali tunapodaiwa mshahara?
3. Parokia yetu ifanye nini inapojua kwamba mchango mkubwa umetoka kwa mtu anayewadhulumu vibarua wake?