MAFUNZO NA VYETI KWA WANAOSHIKA WANYAMA WA UTAFITI

(Maelezo yafuatayo yalisomwa na Afisa Habari wa Wizara inayoshughulikia mifugo Zanzibar mbele ya wasaidizi wa watafiti mjini Kasulu, na kurudiwa Kibondo. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wasomaji wetu wa visiwani.)



Huenda baadhi yenu mnajiuliza, mtu wa Unguja amefuata nini katika milima hii. Jibu langu ni mbung'o. Sisi tuliishi naye kama mnavyoishi naye nyinyi, nasi tukampoteza. Kuanzia mwaka 1994 hadi 1997 ndege ndogo ilikuwa ikiruka juu ya Unguja ikimwaga mbung'o madume waliofanywa tasa kwa mionzi, zaidi ya milioni nane kwa jumla, ili wapandane na majike wa mwituni pasipatikane kizazi. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa mwezi wa Septemba 1996. Madume hao hawakuzaliwa Unguja. Walifugwa Tanga, katika taasisi ya utafiti wa mbung'o iliyokuwapo huko, na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki likasaidia kazi hiyo.

Habari hii husimuliwa mara nyingi kwa kutajwa ndege na mionzi. Ng'ombe hatajwi, wala aliyemshika. Lakini tulijuaje kwamba mbung'o amekwisha? Mitego ilikuwapo, ni kweli. Pamoja nayo waliwekwa ng'ombe wa uangalizi, wakawa wanatolewa damu kila baada ya muda na kutazamwa kama wamepata vimelea vya nagana. Ng'ombe asiye na vimelea, aliyelishwa mahali palipokuwa na mbung'o, ndiye shahidi. Na ushahidi wake unategemea mkono wa kijana aliyemfunga kamba, akamtoa damu, akaandika namba juu ya chupa.

Hapo ndipo penye maneno yangu ya leo. Mtu huyo anatakiwa awe amefundishwa, na awe na karatasi inayosema kwamba amefundishwa.

Nyinyi hapa hamhitaji kuambiwa malale ni nini. Wazee wa Kibondo na Kasulu walihamishwa katika miaka ya 1930 wakakusanywa katika makazi maalumu kwa sababu ya ugonjwa huo, na hata baada ya hapo wanaokwenda porini kurina asali, kuvua au kuwinda upande wa Muyovozi wameendelea kuupata. Vimelea hukaa ndani ya wanyama wa mwitu na ndani ya ng'ombe bila ya mnyama kuonesha dalili kubwa. Kwa hiyo watafiti wa malale hawana budi kuja kutoa damu ya ng'ombe na mbuzi wenu, na wakija huajiri kijana wa kijiji. Mara nyingi huyo kijana hupewa kamba asubuhi na posho jioni, na katikati ya hayo mawili haambiwi lolote.

Nitasimulia jambo moja nililoliona kwa macho yangu nilipokuwa kijana, bila ya kutaja ofisi wala mtu. Tulikwenda kuandika habari za zoezi la kutoa damu. Walioshika mifugo walikuwa watu hodari, wenye nguvu, ila hawakufundishwa. Chupa ziliandikwa kwa kalamu ya wino. Jua likawaka, barafu ikayeyuka, maji yakafuta namba. Sindano moja ilitumika kwa zaidi ya mnyama mmoja kwa kuwa sindano zilikuwa chache. Damu yote ile ilitupwa. Baada ya siku chache mwenye mifugo akaja kulalamika kwamba wanyama wake wanaumwa. Je, ni sindano iliyowaambukiza, au waliugua kwa jambo jingine? Hakuna aliyeweza kumjibu, kwa sababu hakuna aliyeandika nani alichomwa baada ya nani. Mimi nilirudi mjini nikaandika kwamba zoezi limefanikiwa. Hilo nalo ni kosa, na ni langu.

Sindano iliyotumika huweza kuhamisha ndigana baridi kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine. Mbuzi wa kilo 20 ana damu inayokaribia lita moja na nusu, na si busara kumtoa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya hiyo kwa wakati mmoja. Ng'ombe aliyekimbizwa, akaangushwa kwa vishindo, damu yake hubadilika kwa hofu, na mtafiti akipima anapima hofu badala ya ugonjwa. Mambo haya hufundishika kwa siku chache, na aliyefundishwa hayasahau.

Sasa niseme juu ya sheria, kwa ufupi, maana najua sheria huchosha. Utafiti ni jambo la Muungano. Mifugo si jambo la Muungano, na Zanzibar ina sheria zake za mifugo. Huku Bara, Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003 imeweka Baraza la Veterinari. Baraza hilo husajili madaktari wa mifugo, na wataalamu wasaidizi huwaandikisha na kuwaorodhesha kwa mujibu wa kiwango cha elimu yao. Asiyekuwamo katika madaftari hayo hana ruhusa ya kufanya kazi ya uganga wa mifugo, hata kama baba yake na babu yake walikuwa waganga wa ng'ombe. Kisha ikaja Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008, ambayo inakataza kumtia mnyama maumivu yasiyo ya lazima, na haikuwaacha nje wanyama wa utafiti. Mtafiti mwenyewe, hasa mgeni, anatakiwa awe na kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia. Na akiwa anashughulika na wanyamapori, atapitia pia Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori.

Kwa hiyo, kijana, mtafiti akija kijijini kwako una haki ya kuuliza kibali chake kabla hujashika kamba. Kuuliza si utovu wa adabu. Muulize pia ni nani katika msafara wake aliyesajiliwa na Baraza, kwa sababu huyo ndiye atakayesimamia sindano. Wewe usiyesajiliwa kazi yako ni kushika, kutuliza, kuandika na kutazama.

Wenzetu wa Uingereza wamelipanga jambo hili kwa namna inayoeleweka upesi. Kwa sheria yao ya mwaka 1986 vinatakiwa vibali vya aina tatu: cha mtu, cha kazi yenyewe, na cha mahali inapofanyika. Profesa mwenye shahada zote za dunia, kama hana kibali cha mtu, hamgusi panya wa maabara kwa jaribio. Sisemi tuige kila kitu cha Uingereza. Lakini hilo la kwamba elimu ya kitabu peke yake haimpi mtu ruhusa ya kumshika mnyama, naliona ni la haki, tena linampa heshima fundi wa mikono.

Nao Waingereza wawili, Russell na Burch, waliandika mwaka 1959 misingi mitatu ambayo hufundishwa mahali pengi: kama kazi inawezekana bila ya mnyama, mnyama aachwe; kama haiwezekani, watumike wachache iwezekanavyo; na hao wachache wapunguziwe maumivu. Mfano tunao wenyewe. Mbung'o wa kufugwa hapo zamani walilishwa kwa kufungiwa juu ya ngozi ya mbuzi au sungura hai, wamnyonye. Huko Tanga, wakati wa kazi ya Unguja, walilishwa damu ya ng'ombe iliyotoka machinjioni, iliyowekwa chini ya utando wa silikoni. Mbung'o hakujua tofauti. Mbuzi alijua.

Mkoa wenu huu wa Kigoma una somo jingine, nalo ni la sokwe. Huko Gombe, ambako Jane Goodall alianza kazi mwaka 1960, ulizuka mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza miongoni mwa sokwe, wakati ambapo polio ilikuwapo kwa watu wa eneo hilo. Mahale nako, mwaka 2006, sokwe walikufa kwa maradhi ya kifua, na uchunguzi ukaonesha kirusi chenye nasaba na kile cha binadamu. Mafua ya mtu mmoja asiyejua kwamba akiumwa asiende msituni yanaweza kuua ukoo mzima wa sokwe. Ndiyo maana anayewafuata sokwe huvaa barakoa na hukaa mbali nao, na anayekohoa hubaki kambini. Hayo nayo ni mafunzo, japokuwa hayana sindano wala kamba.

Na Gombe hiyo hiyo inatuonesha faida ya kumfundisha mwenyeji. Usiku wa tarehe 19 Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa wakawateka wanafunzi wanne wa kigeni. Wageni waliondolewa. Utafiti ulipaswa kufa siku ile. Haukufa, kwa kuwa Watanzania waliokuwa wasaidizi walikuwa wamekwisha kufundishwa kutazama na kuandika, wakaendelea kuandika kwa Kiswahili. Dunia ilikuja kujua habari za vita vya sokwe wa Gombe kutokana na madaftari yao.

Nasikia mtu akiuliza, na ameuliza kwa haki: hiyo karatasi inapatikana wapi na sisi tuko Kasulu? Milango ni zaidi ya mmoja. Mwenye cheti cha kidato cha nne na ufaulu wa masomo ya sayansi aombe nafasi ya astashahada au stashahada ya afya ya mifugo katika kampasi za Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, kama Buhuri ya Tanga au Mpwapwa, kisha apeleke cheti chake kwa Baraza. Asiye na cheti hicho asikate tamaa: adai kwa kila mradi anaoufanyia kazi afundishwe kabla ya kuanza, na apewe barua yenye jina lake, aina ya wanyama aliowashika, kazi alizofundishwa na saini ya daktari aliyesajiliwa. Barua hiyo si usajili, na asije mtu akaitumia kutibu ng'ombe za jirani. Lakini mradi wa pili ukija, yeye hataanza tena kwenye kamba.

Na nyinyi wakuu mliopo hapa, nasema kwa heshima: mradi unapoomba idhini ya kuingia vijijini, ulizeni fedha ya kuwafundisha wasaidizi imeandikwa ukurasa gani. Mimi nimesoma maandiko ya miradi mingi katika kazi yangu. Fedha ya mafuta ya gari haikosekani.

Baada ya hapa Bwana Mifugo ataonesha namna ya kumshika mbuzi na kumtoa damu shingoni, na kila mmoja atajaribu kushika. Naona mbuzi amefungwa pale juani tangu nilipoanza kusema. Naomba vijana wawili wamsogeze kivulini na kumpa maji, tumngojee atulie, ndipo tuanze.