Kasha tupu bandarini ni somo kwa vijana

Yafuatayo ni mazungumzo aliyoyatoa mwalimu mmoja wa masomo ya uchukuzi mbele ya wanafunzi wake jijini Dar es Salaam, siku moja baada ya wanafunzi hao kutembelea bandari.

Jana mlikwenda bandarini kujifunza jinsi mizigo inavyopokelewa, inavyohifadhiwa na inavyosafirishwa. Usiku wa kuamkia leo nimezisoma taarifa zenu zote. Karibu kila mmoja ameandika juu ya winchi kubwa za gatini, na jinsi kasha lenye uzito wa tani nyingi linavyoinuliwa kama kibiriti. Ni haki yenu kustaajabu. Lakini mwenzenu mmoja, katika mstari wa mwisho wa taarifa yake, ameuliza swali ambalo wengine hamkuliuliza: kwa nini makasha mengi yaliyokuwa yakipandishwa melini yalikuwa matupu? Leo nataka tulijibu swali hilo, kwa sababu ndani yake mna somo zima tulilokwenda kulitafuta.

Tuanze na kasha lenyewe. Zamani meli ilipotia nanga, shehena yake ilikuwa magunia, mapipa, marobota na masanduku ya kila namna. Kila kitu kilibebwa kwa mabega ya watu, kikahesabiwa na karani, kikawekwa ghalani, kisha kikabebwa tena hadi kwenye behewa. Meli iliweza kukaa bandarini siku nyingi kuliko zile ilizokaa safarini. Kazi ile ilikuwa ya jasho na ujira wake ulikuwa mdogo. Ndiyo maana wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, wakagoma tena mwaka 1947, na mgomo huo wa pili ukaenea hadi miji ya bara iliyopitiwa na reli ya kati. Vijana wanaosomea uchukuzi hawana budi kulijua jambo hilo, ili wasidhani kwamba historia ya bandari ni historia ya mitambo peke yake.

Tarehe 26 Aprili, 1956, meli iliyoitwa Ideal X iliondoka Newark nchini Marekani kwenda Houston, ikiwa imebeba masanduku 58. Mwenye wazo hilo, Malcom McLean, hakuwa baharia bali mwenye malori. Alichoka kuona dereva akisubiri siku nzima gatini huku mzigo ukishushwa kipande kipande. Akajiuliza: kwa nini tusiliinue sanduku zima la lori na kuliweka melini? Jibu la swali hilo dogo likaigeuza biashara ya dunia.

Siri ya kasha si chuma chake. Siri yake ni kwamba mataifa yalikubaliana juu ya kipimo kimoja. Kasha dogo lina urefu wa futi 20, kubwa lina futi 40, na upana wa yote mawili ni futi 8. Tundu za pembe zake zimewekwa mahali pamoja, liwe limetengenezwa China au Ulaya, na kwa hiyo winchi ya Dar es Salaam hulishika sawasawa na winchi ya Rotterdam. Hata namba iliyoandikwa ubavuni, ambayo baadhi yenu mliinakili, ina mpango wake. Ni herufi 4, tarakimu 6, kisha tarakimu moja ya mwisho iliyo peke yake. Hiyo ya mwisho hupatikana kwa hesabu kutokana na zile zilizotangulia, ili karani akikosea kuandika, kosa lijulikane mara moja. Hiyo ndiyo lojistiki: kuutazamia mkosi kabla haujatokea.

Sasa tuutazame mnyororo. Winchi hulishusha kasha kwa dakika chache. Lakini kasha hilohilo linaweza kulala uani siku nyingi likingoja hati. Wakala wa forodha anangoja nyaraka za mteja wake, afisa wa forodha anangoja malipo, shirika la viwango linangoja kukagua, na dereva wa lori anangoja wote hao. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa linaloumia ni tumbo la mwananchi.

Chukueni mfano wa mfanyabiashara aliyeagiza kasha la pampu za kumwagilia mashamba. Siku za msamaha zikipita, anaanza kutozwa gharama ya kulihifadhi. Akichelewa kulirudisha kasha lenyewe, kampuni ya meli inamtoza tena. Je, mnadhani anaitoa fedha hiyo mfukoni mwake? La hasha. Anaiongeza katika bei ya pampu. Mkulima wa Kilombero anayeinunua pampu hiyo huenda hajapata kuiona bahari, lakini yeye ndiye anayelipia kila siku ambayo kasha lile lilikaa bila kazi. Kadhalika mnunuzi wa Lusaka, wa Lubumbashi na wa Bujumbura, kwani bandari hii ni mlango wa majirani zetu pia. Rhodesia ya walowezi ilipojitangazia utawala wake mwaka 1965, Zambia iliielekeza biashara yake huku kwetu, na reli ya TAZARA yenye kilomita 1,860 ikajengwa na kukabidhiwa mwaka 1976. Kwa hiyo uzembe wa saa moja bandarini hauishii Kurasini. Unavuka mpaka.

Ndugu wanafunzi, sasa tulirudie lile kasha tupu. Kasha ni mali ya kampuni ya meli, au kampuni imelikodi. Limekuja limejaa nguo, vipuri, dawa na mashine. Lazima liondoke, maana linangojwa kwingine. Likiwa limejaa mazao na bidhaa zetu, safari yake ya kurudi inalipiwa na mzigo huo. Likiwa tupu, kampuni ya meli haikubali kupata hasara. Gharama ya kulirudisha inatiwa katika nauli ya kuja. Maana yake ni kwamba tunalipa mara mbili: tunailipia bidhaa iliyoingia, na tunaulipia upepo unaotoka.

Mtasema, mbona tuna mazao mengi? Ni kweli tunayo. Lakini tuulizane tunayasafirisha katika hali gani. Angalieni korosho ya kusini. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya korosho yetu imekuwa ikipakiwa ikiwa na ganda lake, ikabanguliwe ng'ambo. Katika kila kilo 4 za korosho ghafi, kiini ni kama kilo 1 tu. Zinazobaki ni ganda. Basi katika makasha 4 tunayoyajaza kwa fahari, karibu makasha 3 yamebeba maganda. Tunalipa nauli ya baharini kwa takataka, na ajira ya kubangua tunaizawadia nchi nyingine. Nawaambia, kasha la namna hiyo ni tupu, ijapokuwa mzani unasema limejaa.

Upande wa pili, liangalieni parachichi la Njombe. Hilo husafiri katika kasha la ubaridi, lenye mtambo unaohitaji umeme kila saa, na joto lake halina budi kubaki kama nyuzi 5 au 6. Mkulima akichelewa kuchuma, lori likiharibika njiani, au mtu mmoja akisahau kuchomeka waya uani, tunda linaiva kabla halijafika sokoni na jasho la msimu mzima linapotea. Ni kazi ngumu. Lakini mnaona tofauti: hapa maarifa ya usafirishaji ndiyo yanayompa mkulima bei. Bila maarifa hayo, parachichi lingeozea chini ya mti.

Najua katika mabweni yenu mnajadiliana sana juu ya nani aendeshe bandari. Mwaka 2023 na mwaka 2024 sehemu za bandari ya Dar es Salaam zilikabidhiwa kampuni za kigeni kwa mikataba ya uendeshaji, na Mamlaka ya Bandari ikabaki mwenye mali. Wapo wanaounga mkono na wapo wanaopinga, na mjadala wa mali ya umma ni haki ya kila mwananchi. Lakini nataka mlifahamu jambo moja. Mwendeshaji wa gati, awe mwenyeji au mgeni, kazi yake ni kulipandisha kasha haraka. Kasha hilo libebe nini, hilo si lake kuamua. Hilo linaamuliwa shambani, kiwandani na darasani. Winchi yenye kasi ikikosa mzigo wa kupakia, itatusaidia tu kuagiza zaidi na kurudisha makasha matupu kwa haraka zaidi.

Baadhi yenu mtakuwa maofisa wa forodha, wengine mawakala, wengine wasimamizi wa maghala na wa vyama vya ushirika. Nawaomba mambo matatu. Kwanza, mkikalia meza, kumbukeni kwamba hati iliyolala mezani ni kasha lililolala uani, na kasha lililolala uani ni bei iliyopanda dukani. Pili, msione haya kwenda shambani. Mtaalamu wa usafirishaji asiyejua korosho inavyobanguliwa au parachichi linavyochumwa ni karani tu wa kuhesabu makasha ya wengine. Tatu, mheshimuni mtu wa gatini. Yule anayepanda juu ya kasha kufungua kufuli huku mvua ikinyesha anafanya kazi ya hatari, na elimu yenu yote inaning'inia katika mikono yake.

Juma lijalo nitawarudishia taarifa zenu muziandike upya. Safari hii sitaki maelezo ya winchi. Kila mmoja achague zao moja la wilaya anayotoka, alifuate kutoka shamba hadi melini, aeleze linapochelewa, linapoharibikia na linapopotezea thamani yake, kisha apendekeze lifanywe nini hapa nchini kabla halijatiwa ndani ya kasha. Yule mwenzenu aliyeuliza swali ndiye atakayeanza kusoma kazi yake mbele ya darasa.