USUKANI WA MOTOKAA NA MAISHA YETU

(Maneno aliyosema ndugu mmoja wa Reli mbele ya wanachama mjini Kisii)



Huenda mkauliza, watu wa reli wana habari gani na usukani, maana dereva wa treni hana usukani? Ni kweli. Lakini reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 haijafika Kisii wala Nyamira hata leo. Basi sisi wa reli tukija nyumbani twapanda motokaa kama ninyi, na uhai wetu huwa mikononi mwa dereva.

Treni huongozwa na njia yake. Gurudumu la treni ni nene kidogo upande wa ndani kuliko upande wa nje, na magurudumu mawili yamekazwa katika ekseli moja. Treni ikiingia kwenye kona, ekseli husogea kidogo, gurudumu la nje likabingirika kwa sehemu yake nene na la ndani kwa sehemu yake nyembamba, na treni hupinda yenyewe. Motokaa haina njia ya chuma. Ina mambo matatu badala yake: usukani mzima, matairi yanayoshika barabara, na mzigo wa kadiri.

Kwanza, usukani. Dereva akiuzungusha, mti wake huzungusha meno ya chuma, na meno hayo husukuma vile vyuma ambavyo mafundi huviita tairodi, navyo hugeuza magurudumu ya mbele. Gurudumu la ndani ya kona hugeuka zaidi kuliko la nje, kwa kuwa lazunguka duara dogo zaidi. Akili hiyo ni ya zamani kuliko motokaa. Georg Lankensperger wa Munich, mtengenezaji wa magari ya farasi, ndiye aliyeibuni, na Rudolph Ackermann akaiandikisha London mwaka 1818. Viungo vya tairodi vikilika, usukani huwa na mchezo: mkono wa dereva umekwisha kugeuka, gurudumu bado halijasikia. Katika kona za njia ya Kisii na Keroka, kuchelewa kidogo hivyo kwatosha kuua.

Pili, matairi. Nguvu ya tairi ya kushika barabara ni moja, nayo hugawanywa kati ya breki na kupinda. Mvua ikinyesha juu ya udongo wetu mwekundu, dereva akikanyaga breki mpaka magurudumu yakafungika, hakuna nguvu inayobaki ya kupinda. Atazungusha usukani bure, na gari litakwenda moja kwa moja mtaroni. Na mwendo nao: ukitoka kilomita 40 kwa saa ukafika 80, nguvu inayolisukuma gari nje ya kona haiwi mara mbili, huwa mara nne.

Tatu, mzigo. Sote twaijua Probox. Toyota walianza kuiuza mwaka 2002, nayo ni gari la watu watano pamoja na dereva. Hapa kwetu hubeba kumi na zaidi, wengine nyuma penye mizigo, na mmoja kakaa kiti kimoja na dereva. Uzito ukizidi nyuma, mbele huwa kwepesi kama mizani, na magurudumu ya mbele ndiyo yanayoongoza. Mikungu ya ndizi ikirundikwa juu ya paa, gari hulala penye kona. Na dereva aliyebanwa hawezi kuzungusha usukani hadi mwisho, maana kiwiko chake chagonga mbavu za abiria. Lori la mawe ya Tabaka ni vivyo hivyo: jiwe lisilofungwa likihama, gari lote huhama.

Tena iko desturi ya kuteremka mlima injini imezimwa ili kuokoa mafuta. Injini ikizimwa, usukani na breki hukosa msaada na kuwa vizito. Ufunguo ukitolewa, magari mengi hufunga usukani kabisa.

Sasa, tusimlaumu dereva peke yake. Yeye naye ni mfanya kazi. Wengi hulipwa kwa siku, na jioni lazima wampelekee tajiri hesabu yake. Akibeba watu wanne, hesabu haifiki. Akibeba kumi, hufika. Kwa hiyo jambo hili ni la chama pia.

Yafaa tufanye hivi. Dereva, kabla ya safari, injini ikiwa inawaka, tikisa usukani kidogo huku mwenzako akitazama magurudumu. Yakichelewa, mwite fundi. Abiria, usikubali kukaa kiti cha dereva. Na ninyi mnaobebwa kwenda kazini kwa lori, wachuma chai na wengine, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanya kazi amwarifu msimamizi wake kuhusu hatari kubwa, na yamkataza mwajiri kumrudisha mtu penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Basi arifuni, kwa maandishi, na nakala iletwe kwa katibu wa tawi.

Mtu mmoja akikataa kupanda, ataachwa kituoni. Ishirini wakikataa pamoja, tajiri ataita fundi.