Miaka Kumi, Habari Ileile

Ninyi wahitimu mnaotoka jasho ndani ya majoho,

Sitawahimiza mfuate ndoto zenu. Mmeshaambiwa hayo tangu darasa la kwanza. Nataka kuwaeleza kazi za mwongozaji filamu Mati Diop.

Alizaliwa Paris mwaka 1982, mama Mfaransa, baba Msenegali, mwanamuziki Wasis Diop. Baba yake mkubwa ndiye Djibril Diop Mambéty, aliyeongoza filamu ya *Touki Bouki*. Kwa jina hilo angeweza kujilia vyake kwa raha. Yeye akaenda Dakar, akaketi na vijana usiku kandokando ya moto, akamsikiliza mmoja wao akisimulia alivyopanda mtumbwi kwenda Ulaya. Hiyo ni *Atlantiques* ya mwaka 2009, filamu ya robo saa hivi.

Wengi wangechukua sifa wakahamia habari nyingine. Mwaka 2019 Diop akarudi palepale na *Atlantique*, filamu ndefu aliyoiandika na Olivier Demangel. Vijana wanajenga mnara Dakar, mishahara hawaioni, wanaingia baharini na kuzama. Kisha roho zao zinawapanda wasichana wa mtaani, nao usiku wanamvamia tajiri aliyewanyima mishahara, sebuleni kwake, kudai malipo. Wakishalipwa, wanamwamuru awachimbie makaburi. Jamani, deni gani hilo! Tamasha la Cannes likaipa tuzo ya Grand Prix.

Halafu *Dahomey*, 2024: hazina 26 zilizoporwa na majeshi ya Ufaransa mwaka 1892 zinarudi Benin. Sanamu ya mfalme Ghezo wa Dahomey inazungumza Kifon gizani, ndani ya kasha. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Dubu wa Dhahabu kwenye tamasha la Berlin, mwenyekiti wa majaji akiwa Lupita Nyong'o wa Kenya. Mimi lakini napenda zaidi pale wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Abomey-Calavi wanapobishana: vitu 26 kati ya maelfu, huu ni wema au dharau? Ni rika lenu wale. Diop hakuwakatiza wala hakuwaamua.

Jana nilionyeshwa filamu zenu za kuhitimu. Ipo moja fupi ya mama ntilie na mgambo, inakatika mama akiwa bado anaokota sufuria zake. Uliyeitengeneza, usiipeleke kabatini. Mwakani rudi kwa mama yule, hakuwa amemaliza kusema.